Dakika Kumi, Zisizidi

Fomu inasema: dakika kumi, zisizidi.
Faili mbili tu. Na chini kabisa kisanduku
chembamba kama dirisha la choo:
eleza, wewe hasa ulifanya nini?

Rustavi, ghorofa ya tisa, saa saba usiku.
Kiwanda cha chuma kinakoroma upande wa pili wa reli
nami nimemwaga miaka sita mezani
kama mtu anayechambua maharagwe,
punje huku, kijiwe huku,
na kila nikirudia, kijiwe kinazidi kufanana na punje.

Kuna harusi kumi na saba.
Ndizo zilizolipa kodi, zikanunua lenzi.
Katika ile ya Manana na Bidzina kuna mtoto
amelala chini ya meza, kiatu mguu mmoja,
na juu yake wanaume wananyanyua glasi
kumkumbuka marehemu ambaye mtoto hakumjua.
Sekunde kumi na moja.
Lakini nani huwapelekea maprofesa harusi?

Kuna "Ukungu", niliyoitolea jasho na mkopo:
droni ya kuazima, mwigizaji wa kulia kwa oda,
muziki unaokuelekeza pa kuhuzunika.
Mwalimu Revazi anaiita kazi safi.
Safi, ndiyo, kama sahani isiyowahi kuliwa.
Usiku huu nimeitazama mara tatu
na mara zote tatu nimejikuta naangalia simu.

Halafu kuna lifti.

Lifti yetu hula sarafu. Tetri kumi kupanda,
kushuka bure. Nazibrola wa ghorofa ya nane
huweka zake katika kikopo cha vidonge vya moyo.
Siku ile kikopo kilimponyoka, sarafu zikatapakaa,
naye hakuinama. Alizitazama tu
jinsi unavyotazama watoto wa jirani wakigombana,
kisha akacheka, kicheko kikavu, kirefu,
mlango ukajifunga, taa ikazimika,
akaendelea kucheka gizani.

Dakika nne na nusu, bila mkato.
Ndiyo hii. Hata magoti yangu yanajua.

Ila kamera sikuishika mimi.
Aliishika Gocha, ambaye siku hizi anaendesha lori
kati ya Poznan na Rotterdam
na kamera yake aliiuza kulipia leseni.
Nilimpigia. Alikuwa kituo cha mafuta, anatafuna,
mvua inachapa kioo.
"Peleka, Eliso. Sema ni yako. Mimi ya nini tena?"
Nikadhani amekata.
"Pale mwanzoni mkono wangu unatetemeka," akasema.
"Usije ukapaondoa."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Mimi niko njiani tangu jioni na bakuli la vyote viwili
na sijui nipige kelele nikinadi kipi.

Nilirudi kwenye kisanduku.
Niliandika "mwongozaji", nikafuta.
Niliandika "wazo ni langu", lakini wazo gani?
Sarafu zilianguka zenyewe.
Nikakumbuka nilipokuwa: nje, kwenye korido,
mguu wa kulia umezuia mlango,
maana ukifungwa taa huzima.
Dakika nne nimesimama hivyo, ganzi mpaka pajani,
sioni kitu ila bega la Gocha.
Nikasikia anaanza kucheka.
Nikautoa mguu.

Basi hicho ndicho nilichoandika:
"Kamera: Gocha. Niliuzuia mlango kwa mguu.
Alipocheka, niliutoa."

Faili ya pili ni mtoto chini ya meza.
Sekunde zake kumi na moja, wala sikuziongezea.
Zimebaki dakika tano na ushei. Zikae.

"Ukungu" sikuifuta.
Bado inanidai lari mia tatu.