Fimbo Kwanza, Kisha Tumbo

Chumba walichotupa kilikuwa stoo ya mipira.
Bado kinanuka raba, na bomba la joto
linagonga ukutani kama mgeni asiyejibiwa hodi.
Dirisha moja. Nje, Sudbury imezama thelujini,
na dohani la mgodi wa nikeli
limesimama kama herufi nisiyofundishwa kuitamka.

Saa nne na robo. Emile anaingia, kofia hajavua.
Ana miaka kumi. Anajua miamba yote ya mji huu kwa majina,
anajua baba yake hushuka mita ngapi ardhini,
lakini ukimfungulia ukurasa
herufi zinatawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu.

Mchanga wa kuandikia uliagizwa Septemba, haujafika.
Nikamwendea Toivo, bwana wa funguo na mafagio,
akanijazia ndoo ya chumvi,
ile ya kuyeyusha barafu ngazini.
Naitandaza kwenye sinia.
"Andika b. Kwa kidole, na uitamke unapoiandika.
Mkono usikie, mdomo usikie, jicho lije baadaye."

Anaandika d.

Simwambii amekosea. Natikisa sinia,
chumvi inasahau, tunaanza upya.
Fimbo kwanza, kisha tumbo: hiyo b.
Tumbo kwanza, kisha fimbo: d.
Mara tisa. Mara ya kumi
ndiyo hesabu ninayoiandika kwenye ripoti.

Muheza, darasa la pili, kaka yangu Shekue
aliandika babu, ikatoka dadu.
Kwake ilikuwa fimbo kwanza, kisha fimbo,
mwalimu akihesabu, darasa likicheka.
Nami nilicheka. Hilo
hakuna sinia la kulitikisa likafutika.
Walimwita mbumbumbu,
neno lililojaa herufi ileile iliyomshinda.
Aliacha shule, akaifungua redio ya shangazi,
skrubu arobaini na moja juu ya mkeka,
akaifunga ikishika stesheni ambayo haikuwahi kushika.
Hakuna aliyemwuliza zile nyaya alizisomaje.

Na lugha yangu walau haina hila:
ba ni ba, usiku na mchana.
Hii ya Emile, neno la kisu lina k mlangoni
isiyofungua mdomo. "Kwa nini?"
Simwambii kuna busara ndani yake.
"Ukaidi wa zamani," nasema. "Tuugonge."
Tunagonga meza, kidole kimoja kwa kila sauti,
na k tunaipa kidole kilichokunjwa.

Januari, likizo ilikuwa imekula kazi yote ya Novemba.
Bi. Kowalchuk anauliza lini nitamrudisha kwa wenzake.
Namwangalia tu.

Leo kidole chake kimepasuka kwa baridi.
Chumvi ikaingia. Akauma meno.
Nikavuta sinia, naye akalishika:
"Liache. Ikiuma, nitakumbuka."

Hapana, Emile.
Hiyo nimeiona ikijaribiwa. Haifundishi.

Nikamfunga plasta. Tukahamia dirishani,
tukahohoza kioo kikaota ukungu,
akaandika kwa kidole kizima: fimbo, tumbo.
B kubwa tu, yenye kitambi, ikidondosha maji.
Nje Toivo alikuwa akikokota theluji. Akainua kichwa,
akaisoma, akachora hewani kwa mpini wa koleo
alichokiona:
tumbo, fimbo.

Emile akacheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia.
"Kwake ni d! Lakini hajakosea.
Amesimama upande wa pili."

Sikuwa na jibu. Kengele ililia, akaondoka
akiisahau kofia yake, ambayo leo alikuwa ameivua.

Saa tatu usiku nilimpigia Shekue.
Muheza ilikuwa alfajiri, jogoo alisikika nyuma yake.
"Kuna nini?" akauliza. "Nani mgonjwa?"
Nilikuwa na kioo chote kile mdomoni.
"Hakuna," nikasema. "Huku baridi tu."