Bunduki ya Baba Mkwe

Kila Oktoba, huko Kuhmo,
Kerttu huteleka birika,
si la kahawa.
Maji huyamimina mtutuni yangali yakitokota,
chumvi ya baruti ya kale itoke,
maana kutu haingoji mazishi yaishe.

Kisha kitambaa: fulana kuukuu ya marehemu Tauno.
Kisha mafuta ya kitani kwenye kitako cha mti wa betula,
kiganja kikizunguka, kikizunguka,
mpaka mbao ipate joto la mtu.

Kitakoni pana chale saba.
Wageni huzihesabu kwa macho, wakaacha kahawa ipoe.
Naye hawaambii
kwamba ni majira ya baridi saba
ambayo mkwewe aliilaza kabatini bila risasi,
ajifunze upya kulala.

Ya nane
kaichonga mwenyewe juzi
kwa kisu cha viazi.