Mizani

Mselem alikuja Magongo na Proboksi yake nyeupe,
akapiga honi mara mbili nje ya karakana:
Fundi, nichomee ndoano hapa nyuma,
nataka kuwavusha Marjani na Shubiri,
Jumamosi kuna harusi Ukunda,
bwana harusi aja juu ya farasi.

Nikauzunguka ule mkebe. Nikainama.
Springi zimelala kama mbwa adhuhuri.
Marjani ana kilo ngapi? nikamuuliza.
Akacheka. Farasi hupimwa? Farasi hupandwa.

Basi tukaenda Jomvu, kwa muuza vyuma chakavu,
penye mizani ya kupimia magari yaliyokufa.
Marjani, mia nne na arobaini.
Shubiri alikataa kutulia; tukakadiria mia nne na sabini.
Trela tupu, mia tisa na kumi.
Tia matandiko, madumu ya maji, mafungu ya nyasi.
Nikaandika jumla kwa chaki juu ya bati:
elfu moja mia tisa.
Na Proboksi, pamoja na kiburi cha mwenyewe,
haifiki elfu moja mia mbili.

Lakini yavuta, akasema, nimeijaribu Mikindani.
Kuvuta hata punda huvuta.
Mimi naogopa kule kushuka.
Waujua mteremko wa feri pale Likoni, maji yakikupwa?
Mbele yako watu elfu na mikokoteni,
nyuma yako karibu tani mbili zenye miguu minane,
zenye akili zao, zenye kuogopa honi ya meli.
Aliye nyuma akiwa mzito kuliko aliye mbele,
nani dereva?

Babangu alikuwa mtunzi. Alihesabu mizani kwa vidole
juu ya paja, hata mezani, hata msibani,
na mshororo wenye silabi moja ya ziada
aliuchana, tukawashia jiko.
Mimi sikurithi kalamu. Nilirithi vidole.

Siku mbili Mselem hakusema nami.
Ya tatu akaja na Landkruza ya shemejiye,
ile ya kubebea mawe, mlango mmoja wa rangi nyingine.
Nikasoma kibati chake: tani mbili na nusu yaruhusiwa. Haya.
Mpira wa chuma usicheze ndani ya kikombe chake.
Minyororo miwili, ipishane chini ya ulimi,
ili ulimi ukichomoka udakwe, usilambe lami.
Breki za trela nikazifungua, nikazifunga tena.
Shubiri, aliye mzito, akae kulia,
maana barabara yetu huinamia mtaroni, kushoto.
Na ulimi uliegemee gari
bila kuliketisha.

Ndani ya mlango wa trela, kwa rangi ya boti, nikaandika:

Usitazame kuvuta, pima na kujizuia,
Mzigo ukikupita, ni wewe wafuatia,
Nati ndogo ikiteta, shuka upate sikia,
Farasi hatalifuta, kosa ukimfanyia.

Jumamosi maji yalikuwa yamekupwa, kama nilivyoogopa.
Gia ya kwanza.
Katikati ya mteremko Shubiri akahamisha mguu,
tukausikia ule uzito ukitembea nyuma yetu,
Landkruza ikatingisha mabega,
ikakaa.

Mselem hakunitazama.
Vidole vyangu vilikuwa pajani,
vimefika kumi na tano.