Spoki

Mtopanga, nyuma ya nyumba,
Koplo Mwachiro analima mchicha kapiga magoti.
Jembe nililomnunulia Kongowea bado lina bei yake ya chaki.
Yeye ana spoki ya baiskeli,
anaidunga mchangani kimshazari, polepole,
kisha anasogea upana wa vidole viwili.

Majirani huniuliza, "Mishi, huyo atavuna lini?"
Nacheka nao. Usiku hacheki mtu:
ananieleza bomu lile, dogo, kimo cha kopo la samli,
lililotegwa na kijana ambaye sasa ni babu,
kwa vita ambavyo wakubwa walikwisha kuvitilia saini,
wakapeana mikono, wakanywa chai.
Bomu halikualikwa.
Limelala macho, linangoja uzito wowote:
askari, mbuzi, mtoto aendaye kuteka maji.

Kule Eritrea alitoa mia mbili na kumi na moja.
La mia mbili na kumi na mbili
lilimtoa Luteni Cheruto
katikati ya hadithi ya harusi ya dadake.

Jana mjukuu alikata tuta,
pekupeku, akifukuza mpira.
Mwachiro aliinua mkono, mdomo wazi, sauti hakuna.
Mtoto akafika ng'ambo, akageuka,
akarudi palepale alipopita.

Mume wangu akakaa kitako,
akazitazama nyayo zile hadi adhana ya alasiri.
"Hapa pamepimwa," akasema.

Leo kapanda mbegu,
mle mle mwa nyayo tu.
Kwingine bado.