Gurudumu la Kulia, Nyuma

Agosti iliyopita, nikishuka mlima kuelekea Red Lodge,
trela nyuma yangu lilianza kunung'unika.
Si kelele. Mngurumo wa chini,
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Nikaongeza sauti ya redio.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, naiweka mwanzoni
usije ukanidhania mwema.

Sasa ni Aprili. Theluji imebaki kivulini mwa ghala tu,
na jamaa wa Billings wanakuja Jumamosi na hundi yao:
Tessa na Ruben Aldecoa, na mtoto wa miezi saba.
Kwenye simu waliuliza kama friji inapoza,
kama godoro lina harufu.
Habari za magurudumu hawakuuliza,
na mimi, kwa kuwa sikuulizwa,
nilijiona msema kweli kwa siku nne nzima.

Siku ya tano usingizi ukanikataa.

Nikainua ekseli kwa jeki, nikazungusha kwa mkono.
Gurudumu la kushoto liliteleza, likasahau kusimama.
La kulia lilizunguka kama linatafuna changarawe.
Nikalishika juu na chini, nikalitikisa:
likacheza, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Kifuniko cha vumbi. Pini. Nati.
Dramu ikatoka na pumzi ya grisi iliyoungua,
nyeusi, kali puani.
Sili ilikuwa imepasuka, kijipete cha mpira
cha bei ya kikombe cha kahawa,
na grisi ilikwisha kulowesha viatu vya breki.
Sumaku imelika upande mmoja.
Waya wake umekatika, shaba imeota kijani.
Yaani sijui ni miaka mingapi
gurudumu hili halikusaidia kusimamisha kitu.
Lilibebwa tu, likinung'unika,
wenzake watatu wakilishikia zamu.
Nawajua watu wa namna hiyo.
Nimewahi kuwa mmoja wao.

Beringi nikaiosha kwa mafuta ya taa.
Roli zake zilikuwa na bluu ya joto,
na njia yake imejaa vishimo.
"Usiioshe tena," alisema Orrin Skaar wa duka la spea. "Izike."
Akanipa mpya, na sili, na sumaku, na viatu viwili.
"Si unaliuza?"
Ndiyo.
Hakusema kitu. Akanipunguzia dola sita.

Kushindilia grisi ni kazi ya kiganja:
bonge katikati ya mkono, kisha beringi,
ukingo mpana chini, sukuma, sukuma,
mpaka grisi ichungulie upande wa pili.
Mama, aliyeendesha lori la viazisukari,
aliifanya bila kutazama, akibishana na mtu.
Nati unaikaza huku dramu ikizunguka, mpaka igome,
unailegeza, unaikaza tena kwa vidole tu.
Ikibanwa mno huungua, ikiachiwa mno hutangatanga.
(Laiti ningelijua hili nilipokuwa na mume.)

Jioni nikalivuta hadi kwenye reli na kurudi,
maili kumi na mbili, redio imezimwa.
Nikashuka, nikagusa kila kitovu kwa mgongo wa mkono,
kama unavyopima homa ya mtoto aliyelala.
Yote manne vuguvugu, sawasawa.

Jumamosi wakaja. Ruben akafungua friji, akaifunga, akaifungua.
Tessa akajilaza godoroni, mtoto juu ya tumbo lake, akacheka.
Hakuna aliyeinama kutazama chini.
Nami sikusema. Nilikwisha sema kwa spana.
Bei ilibaki ileile.

Nikasimama getini. Trela likafika kwenye kibao,
pale changarawe inapokutana na lami.
Taa nyekundu zikawaka,
na lote, na friji, na godoro, na ule uzito mdogo
wa miezi saba mbele yake,
likasimama.