Kiwiko

Kalunde alipanda treni ya Kaliua Jumanne usiku
kumngojea binti yetu ajifungue.
Akaniachia funguo, dagaa nusu kopo,
na nyumba yenye mwangwi.
Siku ya tatu nikaamua: nitapika pombe.
Akirudi na mjukuu, akute pipa linatokota bila moto,
na mpishi ni mimi.

Mimi, karani wa mizigo mstaafu,
miaka thelathini na mmoja stesheni ya Tabora,
niliyepima tumbaku, asali, magunia ya karanga
mpaka vidole vikajua kilo kabla ya mizani,
nikavuka uchochoro, daftari kwapani,
kwa Nyamizi, mpika pombe wa Isevya.

"Mtama kiasi gani?"
"Wa kutosha."
"Maji?"
"Yaufunike."
"Uloweke saa ngapi?"
"Mpaka ukiutafuna usigombane na jino."
Nikaandika: jino.

Nikauosha mtama mwekundu mara tano,
nikauloweka, nikaufunga katika gunia bichi,
nikaulaza chini ya kitanda, upande wa Kalunde.
Usiku mmoja nikaamshwa na harufu
kama ya ardhi iliyonyeshewa.
Nikawasha tochi: vijimkia vyeupe,
maelfu, kila kimoja kikitafuta mlango.
Nilikaa sakafuni nikivitazama
hadi adhana ya alfajiri.

Kwenye kuanika, kuku wa Ndalahwa walikula robo.
Nikaandika: hasara, robo.
Nikasaga. Nikapika uji, nikausonga
mpaka mabega yakanitajia umri wangu.
Kisha, kwa haraka ya mtu aliyelelewa na ratiba,
nikamwaga kimea
uji ungali unafuka.

Siku mbili nilitega sikio kwenye pipa.
Kimya.
Kimya cha stesheni treni ikiahirishwa.

Nyamizi akaja, akafunua, akanusa, akafunika
taratibu, kama mtu anayefunika uso.
"Umekiua," akasema.
"Kimea kinapumua, Mihayo. Wewe umekitia motoni."
"Basi uji uwe nyuzi ngapi?"
Akakunja mkono, akanionyesha kiwiko.
"Hapa. Kama maji ya kuogeshea mtoto.
Usiniambie hujui. Si unao wanne?"

Ninao wanne.
Nikakitazama kiwiko changu.
Kimeegemea meza ya ofisi, dirisha la behewa, kaunta za baa,
kikaota sugu ya kijivu.
Karai hakijawahi kuligusa.
Daftari lilikuwa wazi mapajani. Sikuandika kitu.

Mara ya pili nilivuta kigoda nikauchunga uji.
Nikazamisha kiwiko: mkali.
Jua likahama kutoka kizingitini hadi bombani.
Tena: bado.
Simu ikaita. Kalunde. "Wa kike! Kilo tatu na robo!"
Nikasema ehe, ehe, uji ukinidondoka mkononi,
na koo limenikaba.
"Mbona huongei? Unafanya nini huko?"
"Nasubiri kitu kipoe."

Mara ya tatu kiwiko hakikusikia moto wala baridi,
hakikujua kinapoishia na uji unapoanzia.
Nikatia kimea.

Usiku wa pili pipa likaanza kunong'ona.
Povu likapanda, likapasuka, likapanda,
nami gizani nikilijibu kwa sauti,
mzee mzima.

Niseme kweli: ilitoka chachu.
Ndalahwa alimaliza kikombe kimoja kwa adabu
akakumbuka kuku wake hawajafungiwa.
Nyamizi aliizungusha mdomoni,
akasema, "Ni pombe,"
akaishia hapo, nami sikumchimba.

Kalunde na binti wakashuka na furushi la khanga
lenye ngumi moja nje.
Pombe hakuna aliyeiulizia.
Jioni maji yakachemshwa, yakachanganywa karaini,
Kalunde akainama, mkono tayari.

"Ngoja," nikamwambia,
nikikunja shati.