Sikio Lililozidi Kichwa

Sikio halizidi kichwa, tulifundishwa.
Aliyesema hivyo hakufika Green Bank, West Virginia,
ambako sikio jeupe limesimama kwenye malisho,
tani elfu saba na ushei,
likigeuka polepole kama ng'ombe anayetafuta ndama.

Mimi huwapikia watu wake.
Jikoni kwangu maikrowevu ni haramu,
simu ya mkononi ni kioo cha kujitazamia tu,
na gari linaloruhusiwa kulisogelea ni la dizeli,
maana plagi ya petroli hutoa cheche,
na cheche, kwa sikio hili, ni radi.

Askari wa kelele anaitwa Orval Tacy.
Hubisha hodi, antena juu ya gari.
Juzi alifuata mlio hadi kwa Bi. Loretta,
akaukuta chini ya mbwa:
blanketi la umeme, limechakaa,
na mbwa fofofo, hana habari
kwamba amewazibia wataalamu galaksi nzima.
Zamani wakosaji walikuwa kindi warukao,
waliovishwa vidude vya redio na watu wa wanyamapori.
Kindi utamshtaki wapi?

Nimejaa mambo yasiyouzika sokoni.
Kwamba nguvu yote iliyowahi kuvunwa angani
na masikio ya namna hii, dunia nzima,
haifikii kishindo cha chembe moja ya theluji ikitua.
Kwamba huko Uingereza, enzi za mishumaa,
kioo cha darubini kilisubiwa
katika kalibu ya mavi ya farasi.
Kwamba hapahapa, usiku wa Novemba, upepo umetulia,
darubini iliyotangulia iliporomoka yote,
ikakaa chini
kama mtu aliyepokea habari mbaya.

Jumapili naenda kibanda cha simu, sarafu zinalia mfukoni,
nampigia dada yangu Subira, Korogwe.
Huko mnasikiliza nini hasa?
Mapigo ya nyota iliyokufa, namwambia,
yalianza safari kabla ya babu wa babu.
Anacheka, kisha hacheki.
Ya nyota mnayasikia.
Mimi nilikuandikia tangu Idi.

Sarafu zimeisha.
Nimerudi kwa miguu, sikio likinitazama,
au likitazama nyuma yangu, mbali.
Labda ujumbe wake ulifika hadi kwenye uzio wa malisho,
na Orval, kwa penseli yake iliyotafunwa,
akauandika daftarini:
kelele ndogo. Chanzo hakijulikani.